UFAHAMU: Msanifu wa Hatua za Mchezo

Soma makala yafuatayo kisha ujibu maswali.

Mwaka wa 1985, kampuni ya Nintendo ya Japani ilitoa mchezo wa video uitwao Super Mario Bros. Mchezaji anapoanza, humkuta Mario amesimama kushoto mwa skrini, ilhali upande wa kulia ni mtupu. Hapana maandishi ya kumwelekeza. Uwazi ule humwita, naye huenda. Punde hutokea adui, uyoga wenye miguu, akimjia polepole. Asiporuka hufa, lakini kwa kuwa ndiyo kwanza ameanza, hapotezi muda mwingi. Hurudia, akaruka. Amefunzwa bila mwalimu.

Mbele kidogo, uyoga mwingine hutoka katika boksi. Huu ni wa kumnufaisha, lakini atajuaje naye ameshajifunza kuuogopa uyoga? Wasanifu Shigeru Miyamoto na Takashi Tezuka walilifikiria hilo. Uyoga hugonga bomba, hugeuka na kumrudia, na matofali yaliyo juu ya kichwa chake humtatiza asiuruke. Humgusa, naye hukua. Yote hayo yalipangwa kwanza kwa mkono, kwenye karatasi za miraba.

Kazi hiyo ndiyo usanifu wa hatua. Wengi hudhani ni uchoraji. La! Katika kampuni kubwa, msanifu hachori sura za wahusika wala haandiki programu nzima. Yeye huamua mlango ukae wapi, adui ajifiche wapi, mchezaji aone nini kwanza na apate wapi nafasi ya kuvuta pumzi. Huanza kwa kujenga hatua nzima kwa maboksi ya kijivu yasiyo na urembo wowote. Kisha humkalisha mtu ambaye hajawahi kuicheza, akamtazama.

Hapo ndipo penye mtihani. Mchezaji akipotea, msanifu hatakiwi kumwonyesha njia. Hufumba mdomo, akaandika, kwa sababu mnunuzi akiwa nyumbani kwake hatakuwa na msanifu wa kumnong'onezea. Huenda chumba kilichojengwa kwa wiki mbili kikavunjwa siku hiyo hiyo. Asiyestahimili kuona jasho lake likifutwa hivyo heri atafute kazi nyingine mapema.

Je, kazi hii husomewa wapi? Kozi zipo, hasa Ulaya na Marekani, lakini wengi wa waliotangulia hawakuzipitia. Kampuni ya id Software ya Marekani ilipotoa mchezo wa Doom mwaka wa 1993, hatua zake zilihifadhiwa katika faili zilizotengwa na programu yenyewe. Wachezaji wakaanza kutunga hatua zao. Tim Willits, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, alisambaza alizotunga, na mwaka wa 1995 kampuni iyo hiyo ikamwajiri. Mwingereza Dave Johnston alikuwa hajatimiza miaka ishirini alipotengeneza uwanja wa Dust wa mchezo wa Counter-Strike. Uwanja wake uliofuata, Dust II wa mwaka wa 2001, umechezwa kwa zaidi ya miongo miwili.

Leo vifaa si kikwazo kama zamani. Injini ya Godot haina malipo, na Unreal hupakuliwa bure tangu 2015. Kilicho haba ni uvumilivu. Mwajiri huomba kuona kazi, na hatua moja fupi iliyokamilika humshawishi kuliko kumi zilizoishia njiani. Hata hivyo, ajira yenyewe ina mashaka. Mikataba mingi hufuata mradi. Mchezo ukishauzwa, timu huweza kupunguzwa, na miezi ya mwisho kabla ya kuutoa huwa ya kukesha. Mzazi anayesita kulipia kozi hii si mshamba. Ana hoja, na mwanafunzi anayeitaka ajiandae kuijibu kwa kazi iliyokamilika, si kwa machozi.

Maswali

(a) Mchezaji wa Super Mario Bros. hufunzwaje bila maandishi? Toa mifano miwili. (alama 4)

(b) Kwa nini msanifu hunyamaza mchezaji anapopotea? (alama 2)

(c) "Mzazi anayesita kulipia kozi hii si mshamba." Thibitisha kauli hii kwa kurejelea makala. (alama 3)

(d) Kwa maneno yasiyozidi 50, fupisha aya ya tano. (alama 4)

(e) Eleza maana ya maneno yafuatayo kama yalivyotumiwa katika makala: (alama 2)
 (i) hatua
 (ii) jasho

Kidokezo: Katika swali la (e), kamusi itakupa maana kadhaa za "hatua", ikiwemo ile ya mguu unapotembea. Mtahini anataka ile ya makala pekee. Katika (c), usitoe maoni yako kuhusu wazazi. Hoja zote zimo katika aya ya mwisho.