Tunza Pikapu Yako Kabla ya Mteremko: Somo la Matunzo na Vipuri

ELIMU KWA UMMA

Katika kaunti yetu ya Taita Taveta, pikapu si gari la starehe. Ndiyo inayoshusha kabeji na maharagwe kutoka Wundanyi hadi Voi na Mombasa. Ndiyo inayotoa ndizi Taveta. Hubeba maji wakati wa kiangazi, simiti ya mjenzi, viti vya harusi, na siku ya msiba hubeba jeneza. Ikilala barabarani, mboga zinanyauka na mteja anatafuta muuzaji mwingine. Ikikosa breki kwenye mteremko, hasara yake haihesabiwi kwa magunia.

Hitilafu nyingi zinazolaza pikapu hutoa ishara mapema. Sehemu ndogo ya bei nafuu huchakaa kwanza. Ikipuuzwa, huiharibu sehemu kubwa ya bei ghali. Katika somo hili tutajifunza mambo manne: ratiba ya huduma, breki na mteremko, hatari ya kuongeza springi, na jinsi ya kununua vipuri bila kudanganywa.

1. Ratiba ya huduma

Kila gari lina kitabu cha mwongozo cha mtengenezaji. Vitabu vingi huwa na ratiba mbili, moja ya matumizi ya kawaida na nyingine ya matumizi magumu. Matumizi magumu ni vumbi, mzigo mzito, milima, joto kali na barabara mbovu. Mwenye pikapu wa huku kwetu ana yote hayo kwa siku moja: asubuhi yuko kwenye ukungu wa Wundanyi, adhuhuri yuko kwenye vumbi jekundu la Voi, lile linalowapaka rangi hata ndovu wa Tsavo. Kwa hivyo, fuata ratiba ya matumizi magumu.

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha injini (dakika tano zinatosha):

- Vuta kijiti cha kupimia oili. Kiwango kiwe kati ya alama mbili.
- Tazama maji ya rejeta kwenye chupa yake ya akiba. Usifungue kamwe kifuniko cha rejeta injini ikiwa moto, kwa sababu maji yake yanaweza kukurukia na kukuunguza.
- Tazama mafuta ya breki. Yakipungua, ama pedi zimekwisha au kuna mahali panapovuja. Usiongeze tu na kuondoka. Tafuta sababu.
- Chungulia chini ya gari. Tone la oili, maji au mafuta ya breki ni ujumbe.
- Kanyaga pedali ya breki. Inapaswa kuwa ngumu. Ikizama polepole hadi chini, gari lisitoke.

Kila wiki: pima upepo wa magurudumu yakiwa yamepoa. Kipimo sahihi kimeandikwa kwenye kibandiko karibu na mlango wa dereva, na mara nyingi magurudumu ya nyuma huwa na kipimo cha juu zaidi gari linapobeba mzigo. Usisahau gurudumu la akiba na nati za magurudumu.

Kila kilomita 5,000, au mapema zaidi kitabu kikisema: badilisha oili ya injini pamoja na filta yake. Oili mpya ikipita kwenye filta ya zamani huanza kazi ikiwa chafu. Kagua pedi na brekishu, mikanda, boljointi na mipira ya springi, na upake grisi panapostahili. Toa filta ya hewa na uisafishe. Ukitumia upepo wa kompresa, puliza kutoka ndani kwenda nje, la sivyo utasukuma vumbi lizame zaidi. Kwa gari la dizeli, toa maji yanayojikusanya chini ya filta ya dizeli, kwa sababu maji huharibu pampu na nozeli, ambazo ni miongoni mwa vipuri ghali zaidi kwenye injini hiyo.

Kila baada ya miaka miwili: badilisha mafuta ya breki hata kama gari halikutembea sana. Sababu tutaiona hapa chini. Kulanti nayo ibadilishwe kulingana na kitabu. Wengi hujaza rejeta kwa maji ya kisima. Maji yenye chumvi huacha magamba ndani ya rejeta, na magamba hayo huziba njia na kuchemsha injini mlimani.

Mkanda wa taiming: kwa injini nyingi zenye mkanda, hubadilishwa kati ya kilomita 100,000 na 150,000, kulingana na aina ya injini. Ukikatika gari likiwa mwendoni, vali zinaweza kugongana na pistoni, na hapo gharama ya mkanda mmoja inageuka kuwa gharama ya injini nzima. Ikiwa ulinunua pikapu iliyotumika na mwenye kuuza hana rekodi, chukulia kwamba mkanda haujabadilishwa. Injini nyingine hutumia cheni. Muulize fundi yako ni ya aina gani.

Oili chafu isimwagwe mtaroni wala kando ya mto. Maji ya milima yetu ndiyo yanayonywewa mabondeni. Iweke kwenye mtungi na umpe anayekusanya oili iliyotumika.

2. Breki na mteremko

Wundanyi iko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari. Voi iko chini ya mita 700. Pikapu inayotoka sokoni Wundanyi ikiwa imejaa inashuka zaidi ya mita 600, na sehemu kubwa ya mshuko huo ni kona kabla ya kufika Mwatate. Nguvu yote ya uzito huo inapozuiliwa na breki, hugeuka kuwa joto.

Joto hilo hupita kwenye pedi na kufika kwenye mafuta ya breki. Mafuta haya hunyonya unyevu kutoka hewani siku baada ya siku. Mafuta ya DOT 3 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishanyonya unyevu, kiwango hicho kinaweza kushuka hadi nyuzi 140. Kwa DOT 4 ni nyuzi 230 yakiwa mapya na 155 yakiwa na unyevu. Mafuta yakichemka ndani ya mabomba, hutokea mvuke. Mafuta hayabonyei, lakini mvuke unabonyea. Dereva anakanyaga, pedali inazama hadi sakafuni, gari halipungui mwendo. Gari likishapoa, breki hurudi kana kwamba hakuna kilichotokea, na ndiyo maana wengine huamini kwamba ni bahati mbaya tu.

Kinga yake ni hii:

- Badilisha mafuta ya breki kwa wakati, na utumie aina iliyoandikwa kwenye kifuniko cha chupa yake.
- Badilisha pedi zinapobaki milimita 3. Ukisikia chuma kikisaga, tayari unakula diski.
- Shuka kwa gia ile ile, au ya chini zaidi, uliyohitaji kupandia. Injini yenyewe itazuia gari.
- Kanyaga breki kwa nguvu kidogo, punguza mwendo, kisha achia ipoe. Usiilalie mguu njia nzima.

Kuna madereva wanaoshuka gia ikiwa frii ili kuokoa mafuta. Kwenye injini za kisasa hawaokoi chochote, kwa sababu gari likiwa kwenye gia na mguu ukiwa nje ya kiharakisha, injini hukata mafuta yenyewe. Likiwa frii, injini inaendelea kunywa ili isizime. Kuzima injini ni hatari zaidi. Baada ya kukanyaga mara chache, breki hubaki bila msaada wa injini, pedali inakuwa ngumu kama jiwe na usukani unakuwa mzito.

Breki zikikosa, usizime injini. Kanyaga na kuachia haraka haraka, teremsha gia moja baada ya nyingine, vuta breki ya mkono kidogo kidogo, piga honi, na uegemeze gari upande wa mlima badala ya upande wa bonde.

3. Kuongeza springi hakuongezi uwezo wa gari

Ni jambo la kawaida kuona pikapu imeongezwa majani ya springi nyuma ili isikae chini ikipakiwa. Wenye magari wengi hawajui kwamba pikapu nyingi zina vali inayogawa nguvu ya breki kati ya mbele na nyuma. Vali hiyo imeunganishwa na ekseli ya nyuma. Nyuma ikilala kwa mzigo, inaelewa kwamba gari limejaa na kuongeza breki za nyuma. Nyuma ikiinuka, inaelewa kwamba gari ni tupu na kuzipunguza.

Ukiongeza springi, nyuma inabaki juu hata ikiwa imebeba tani nzima. Vali inadanganyika. Breki za mbele zinafanya kazi karibu yote peke yake, zinapata moto haraka, na wewe umeongeza mzigo juu yake. Kama ni lazima springi zibadilishwe, mwambie fundi akague na kurekebisha vali hiyo siku hiyo hiyo.

La muhimu zaidi, heshimu uzito ulioandikwa. Fremu, ekseli, beringi na breki vilitengenezwa kwa kiwango kimoja, na springi ni kimoja tu kati yake. Hesabu mzigo kwa kilo, usihesabu kwa nafasi iliyobaki.

4. Kununua vipuri

Dukani utakuta vipuri vya aina nne: vya kampuni iliyotengeneza gari, vya kampuni nyingine yenye jina lake, vilivyotolewa kwenye magari yaliyotumika, na vya bandia vilivyovikwa boksi la jina kubwa. Aina ya pili inaweza kuwa nzuri kabisa na ya bei nafuu. Aina ya nne ndiyo inayoua.

Kabla ya kulipa:

- Nenda na nambari ya chasisi. Pikapu mbili za jina moja na mwaka mmoja zinaweza kuwa na breki tofauti.
- Beba kipuri cha zamani ukilinganishe na kipya: umbo, uzito, matundu na nambari zilizochongwa.
- Kagua boksi. Maandishi yaliyokosewa, rangi iliyofifia na bei iliyo chini mno ni dalili za bandia.
- Tafuta alama ya ubora ya KEBS. Kwa bidhaa yenye nambari ya kibali, tuma ujumbe mfupi wenye herufi SM, alama ya #, kisha nambari hiyo, kwenda 20023 ili kuthibitisha.
- Kwa tairi, soma tarakimu nne za mwisho za msimbo unaoanza na DOT. 3524 inamaanisha wiki ya 35 ya mwaka 2024. Tairi iliyokaa miaka mingi hukauka hata kama haijatumika. Ndani ya mifereji ya tairi kuna vinundu vya milimita 1.6. Tairi ikichakaa hadi kulingana navyo, imekwisha.
- Dai risiti yenye jina la duka, jina la kipuri na tarehe.

Vipuri vilivyotumika vina mahali pake. Mlango, bampa, kioo cha pembeni au taa ya nyuma ya mtumba haimdhuru mtu. Lakini pedi, mipira ya breki, mkanda wa taiming, boljointi na filta zinunuliwe mpya. Hakuna anayejua zimebakisha maisha kiasi gani.

Haki yako inalindwa. Ibara ya 46 ya Katiba inampa kila mnunuzi haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa na habari zinazohitajika kuzitumia vizuri. Sheria ya mwaka 2008 ya kupambana na bidhaa ghushi inafanya biashara ya vipuri bandia kuwa kosa. Bila risiti, hata hivyo, ni vigumu kuthibitisha ulinunua nini na kwa nani.

5. Daftari moja, kalamu moja

Weka daftari ndani ya gari. Kila huduma ikifanyika, andika tarehe, kilomita, kilichobadilishwa, duka na jina la fundi. Gari likiwa na madereva wawili au watatu, daftari ndilo linalomwambia wa leo alichoacha wa jana. Siku ya kuuza, daftari hilo huongeza thamani ya gari.

Pikapu ya biashara hukaguliwa na NTSA kila mwaka. Ukaguzi huo ni wa lazima, lakini unaeleza hali ya gari siku ile tu. Pedi zilizokuwa sawa mwezi Januari zinaweza kuwa zimekwisha Aprili. Siku nyingine zilizobaki, mkaguzi ni wewe.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini mafuta ya breki hubadilishwa hata kama hayajapungua?
2. Kuna hatari gani kushuka mlima gia ikiwa frii?
3. Springi zikiongezwa, ni sehemu gani ya breki inayopaswa kukaguliwa?
4. Taja vipuri vitatu ambavyo havifai kununuliwa vikiwa vimetumika.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kata ukurasa huu, uuweke ndani ya daftari la gari, na umsomee dereva wako maswali haya kabla hajapakia mzigo wa kesho.