Ukurutu na Tyubu ya Dawa Tatu

Daktari wa ngozi anajibu maswali ya wasomaji wa Nyamityobora, mjini Mbarara, na wa kambi ya wakimbizi ya Nakivale.

Mwanangu ana ukurutu tangu utotoni. Katika duka la dawa hapa Nyamityobora nilipewa tyubu, nikaambiwa ni antibiotiki. Siku tatu tu, ngozi ikatulia. Basi si ugonjwa wa bakteria huo?

Mama, igeuze hiyo tyubu usome maandishi madogo ya nyuma. Nyingi zinazouzwa kwetu zina dawa tatu ndani: betamethasoni, gentamisini na klotrimazoli. Gentamisini huua bakteria, klotrimazoli huua fangasi. Betamethasoni ni steroidi, na hiyo ndiyo iliyotuliza muwasho. Antibiotiki imesifiwa kwa kazi ya jirani yake. Simlaumu muuza dawa peke yake, maana hata sisi madaktari tunaandika tyubu hizo kwa mazoea. Ubaya ni kwamba steroidi hiyo ni kali. Ikipakwa usoni mwa mtoto wiki nenda wiki rudi, ngozi huwa nyembamba na kupauka.

Lakini bakteria si wapo kweli?

Wapo, tena wengi. Katika kila wagonjwa 100 wa ukurutu, kama 70 hukutwa na bakteria aitwaye stafilokokasi kwenye mabaka yao, na sumu zake huongeza ukali wa ugonjwa. Ila nzi hujaa kwenye kidonda kwa kuwa kidonda kipo. Ukiwafukuza bila kutibu kidonda, watarudi. Watafiti wa Uingereza walilipima jambo hili kwa watoto 113 ambao ukurutu wao ulionekana kuingiwa na bakteria, bila maambukizi kuwa makali. Wote walipewa steroidi ya kupaka. Juu yake wengine wakapewa antibiotiki ya kunywa, wengine ya kupaka, wengine dawa bandia. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017: antibiotiki haikuongeza nafuu yoyote ya maana.

Nafanya kazi kliniki huku Nakivale. Nimesoma kuwa baadhi ya antibiotiki zinatuliza uvimbe zenyewe. Kwa nini tusizitumie kwa sababu hiyo?

Umesoma sawa. Doksisaiklini ya miligramu 40 kwa siku hutumika kwa rosasia, ule wekundu na vipele vya usoni, ingawa kipimo hicho ni kidogo mno kuua bakteria. Inafanya kazi kwa kuzuia vimeng'enya vinavyobomoa ngozi. Ukurutu una njia nyingine: ukuta wa ngozi unavuja, na kinga ya mwili inakasirikia kila kinachopenya.

Hata hivyo, ndugu mmoja wa antibiotiki alifaulu. Mwaka 1984 wanasayansi wa Japani walipata takrolimasi kutoka kwa bakteria wa udongo wa jamii ileile iliyotupa antibiotiki ya streptomaisini. Kwa umbile ni ya ukoo wa erithromaisini, lakini haimuui stafilokokasi. Inazinyamazisha chembe za kinga. Marekani iliipitisha kwa ukurutu mwaka 2000. Haipunguzi unene wa ngozi, kwa hiyo inafaa usoni na kwenye kope. Bei yake ndiyo kikwazo kwa anayeishi kwa mgao.

Na unga wa kapsuli za antibiotiki za rangi mbili, tukiunyunyiza kwenye mabaka?

Hapana. Unakausha ngozi, unaweza kuleta mzio, na unawafundisha bakteria kuizoea dawa. Penye magodoro na taulo za kushirikiana, bakteria sugu hawakai kwa mtu mmoja.

Sisi wa Rubondo, huku Nakivale, maji ni ya foleni. Tufanyeje?

Kuoga kwa muda mfupi kunatosha, sabuni kidogo, isiwe ya unga. Ngozi ikiwa bado na unyevu, paka mafuta mazito ya mgando yasiyo na manukato, na urudie kila inapokauka. Kwa uso wa mtoto, tumia steroidi hafifu, haidrokotisoni ya asilimia 1. Dawa iliyokamuliwa kuanzia ncha ya kidole cha mtu mzima hadi pingili ya kwanza inaenea eneo la viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole. Lakini kama nyumba nzima inajikuna usiku, shuku upele. Huo unatibiwa kwa watu wote wa nyumba kwa wakati mmoja, na steroidi huuficha tu.

Lini antibiotiki ni ya lazima?

Ukiona usaha, magamba ya njano yenye majimaji, maumivu, ngozi ya moto au homa. Kwenye ngozi nyeusi usisubiri wekundu. Tazama zambarau, kijivu au weusi uliozidi. Malengelenge madogo yanayofanana, yaliyokusanyika pamoja na homa, mara nyingi ni virusi vya hepesi, na antibiotiki haviijali. Tena tangu Agosti 2024, Uganda ilipothibitisha mpox, vipele vya namna hiyo si vya kukaa navyo nyumbani. Mpeleke mtoto kituo cha afya siku hiyohiyo, na ubebe tyubu zote alizopakwa, hata zilizokwisha.