Je, Mifupa ya Mwenzako Imo Hatarini?



Mama anajikwaa jikoni, anaanguka, na mkono unavunjika. Watu wa nyumbani husema, "Ni uzee tu." Mkono ukipona, jambo husahauliwa. Lakini mfupa wa mtu mzima ukivunjika kwa kuanguka kidogo tu, hilo ni onyo kwamba huenda mifupa imepungua nguvu. Ugonjwa huu, osteoporosisi, kwa kawaida hauna maumivu mpaka mfupa uvunjike. Aliyevunjika mara moja yumo hatarini zaidi kuvunjika tena, na pengine itakuwa nyonga.

Tangu mwaka 2008 madaktari wa nchi nyingi hutumia kipimo cha maswali kiitwacho FRAX, kilichotungwa Sheffield, Uingereza. Hukadiria uwezekano wa mtu wa miaka 40 hadi 90 kuvunjika mfupa katika miaka 10 ijayo. Mengi ya majibu mnayajua ninyi wenyewe. Basi ketini jioni moja mkaulizane:

1. Una umri gani? Hatari huongezeka na miaka, hasa mwanamke akishakoma hedhi, na zaidi ikikoma kabla ya miaka 45.
2. Umewahi kuvunjika kwa kuanguka kidogo ukiwa mtu mzima?
3. Je, baba au mama yako alivunjika nyonga?
4. Je, umekonda sana?
5. Unavuta sigara? Unakunywa pombe nyingi kila siku?
6. Una baridi yabisi? Umetumia vidonge vya prednisolone kwa miezi 3 au zaidi?

Baba, nawe ujibu. Ugonjwa huu huwapata wanawake zaidi, lakini wanaume hawakuachwa. Mwenye kuficha chupa au sigara anajidanganya mwenyewe.

Jibu la "ndiyo" halimaanishi kwamba u mgonjwa. Ni sababu ya kwenda kwa daktari, naye aweza kuagiza eksirei maalum ya kupima uzito wa mifupa. Anayetumia prednisolone asiiache ghafla bila ushauri wa daktari.

Nyumbani, ondoeni vitu vya kukwaza miguu na wekeni taa ya kuendea choo usiku. Maziwa, omena na sukuma wiki visikose mezani. Tembeeni pamoja kila siku.

Swali la kujadiliana: Ni nani kati yetu aliyevunjika mfupa tukasema ni uzee tu? Tutampeleka kwa daktari lini?