Je, Outlander ya Haibridi Itavuta Boti Hadi Ziwa Tshangalele?

SWALI: Nina Mitsubishi Outlander ya haibridi, ile inayochajiwa kwa plagi. Nataka kuvuta boti kutoka Likasi hadi Ziwa Tshangalele. Trela halina breki na lina kilo 250. Boti, injini na mafuta ni kilo 380. Je, gari litaweza?

JIBU: Kwenda, ndiyo. Kurudi, pima kwanza. Outlander ya kwanza ya aina hii iliyouzwa Ulaya imeruhusiwa kuvuta kilo 1,500 trela likiwa na breki zake, na kilo 750 tu lisipokuwa nazo. Soma kitabu cha gari lako, kwani kibali hutofautiana kulingana na soko. Wewe unaondoka na kilo 630. Ukipakia samaki na barafu kilo 150, umefika 780: umevuka. Samaki wapande gari jingine, au funga trela lenye breki.

Ukiondoka Likasi, usimalize betri yote njiani. Bonyeza kitufe cha "Save" mapema, injini ya petroli ibebe safari, umeme ubaki kwa vilima na kwa kupandisha boti kutoka ukingoni. Hapo mota ya umeme ya nyuma itakusaidia sana kwenye tope.

Kabla ya kurudisha trela nyuma hadi majini, chomoa waya wa taa na uache beringi za magurudumu yake zipoe; zikiingia maji zingali moto, huyavuta ndani na kuharibika. Magurudumu ya gari yabaki nchi kavu.

Tafadhali usikisie uzito. Breki ndizo zitakazokurudisha nyumbani.