Picha za Puto na Umbo la Ardhi

Ndugu zetu watuuliza: je, picha zipigwazo kwa puto ni hoja ya kuwa ardhi ni tufe? Twajibu: ardhi ni tufe, na Ibn Hazm, aliyefariki mwaka 1064, alikwisha kuliandika hilo pasina puto. Ama picha, hiyo ni shahidi, na shahidi hupimwa. Mwaka 2009 wanafunzi wa MIT, Marekani, walirusha kamera kiasi cha kilomita 28 kwa dola 150 hivi, ikarudi na picha za upeo uliopinda. Lakini lenzi pana hupinda hata mstari ulionyoka: upeo ukiwa juu ya picha hubenuka, ukiwa chini hubonyea. Basi itazameni ile ambayo upeo wapita katikati hasa. Mpindo uonekanao hapo, japo mdogo, ni wa ardhi yenyewe.