Nafasi za Ndani ya Tumbo: Usaha Unakwenda Wapi?

Ndani ya tumbo iko ngozi moja nyembamba, jina lake peritone. Sehemu moja imeshikamana na ukuta wa tumbo, nyingine inafunika maini na matumbo. Kati yao iko maji kidogo tu, ili matumbo yateleze. Kwa mtu mwenye afya nafasi hizi ni kama mfuko mtupu, pande zake zinagusana.

Lakini tifoidi ikitoboa utumbo mwembamba, mara nyingi karibu na mwisho wake, uchafu unamwagika na kufuata mteremko. Mgonjwa akilala chali, unaingia kati ya maini na figo ya kuume. Akikaa, unashuka chini kabisa. Kwa mwanamke ni nyuma ya kizazi, katika nafasi ya Douglas. Tena mfereji wa kuume uko wazi kupanda mpaka chini ya diafragma; ule wa kushoto umezuiwa kule juu. Ndiyo maana usaha wa apendisi unaweza kufika hata juu ya maini.

Basi, muguse tumbo polepole. Likiwa gumu kama ubao, musimpe chakula, wala maji, wala dawa ya kuharisha! Mwite munganga mara moja. Na mama ambaye siku zake za mwezi zimepotea, anaumwa tumbo la chini na bega, musiseme ni rumatisma: damu ikifika chini ya diafragma, maumivu yanasikika begani. Pimeni tansio na mapigo ya moyo palepale.