Mama Akiwa Kazini, Maziwa ya Mtoto Yatunzweje?

Mtoto anahitaji maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6 ya mwanzo. Lakini likizo ya uzazi hapa Tanzania ni siku 84, na mama anayeuza mboga sokoni hana hata hiyo. Hapo ndipo watoto wengi huanzishiwa uji au maziwa ya ng'ombe mapema, kisha wakaharisha. Iko njia iliyo bora: kukamua maziwa na kuyaacha nyumbani.

Wengine huogopa kwamba yataharibika. Maziwa ya mama yana kinga inayozuia bakteria kwa muda, lakini bakteria huingia kwa mikono na vyombo vichafu, na huongezeka haraka penye joto. Kwa hiyo tuzingatie haya:

1. Nawa mikono kwa sabuni na maji safi kabla ya kukamua.

2. Tumia chombo chenye mdomo mpana na mfuniko, kilichooshwa na kuchemshwa.

3. Bila jokofu, weka maziwa kivulini, mahali pa baridi, yasizidi saa nne. Yaliyokamuliwa saa 1 asubuhi mwisho wake ni saa 5 asubuhi. Siku ya joto kali, yatumike mapema zaidi.

4. Ndani ya jokofu yanakaa hadi siku 4. Yaweke nyuma kabisa, si mlangoni.

5. Usiyachemshe, maana moto hupunguza kinga. Weka chombo ndani ya maji ya vuguvugu. Mafuta yakielea juu si dalili ya kuharibika, tikisa taratibu.

6. Mnyweshe mtoto kwa kikombe kidogo. Chupa ya kunyonyea ni ngumu kusafisha. Akibakiza, yasizidi saa mbili; baada ya hapo yamwagwe.

Mama, kabla ya kuondoka mweleze bibi au dada anayebaki na mtoto saa uliyokamua. Asipoijua, usafi wako wote unaweza kuwa bure. Nanyi waajiri, kumbukeni kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha wakati wa kazi.

Maswali ya kujadili katika Jumuiya: Nani hubaki na watoto wachanga mtaani kwetu? Je, amefundishwa haya? Akina baba wanasaidiaje?